Theodori Anawakaribisha Kwelea

Asubuhi ile kijiwe cha fundi baiskeli, njia ya kwenda kijiji cha Mbingu, kilijaa kabla kahawa haijachemka. Habari ilikuwa moja: Theodori, mgonjwa wa ini, mkorofi aliyegombana hata na kivuli chake, ametoka hospitali amekuwa mpole, na sasa amepanda dungu la kulindia ndege shambani, na badala ya kuwafukuza kwelea anawakaribisha wale mpunga. Kelestini, waliyemwita Pilipili kwa kuwa maneno hayapindishi, alikuwa ameshaanza kununa.

— Nimemsikia kwa masikio yangu, akasema Redio Mbao, msambaza habari wa kijiwe. "Kuleni wanangu, msisukumane."

— Mimi kaniamkia shikamoo, akasema Hilary fundi. Mtu aliyenirushia pampu mwezi jana.

— Wamemtoa nyongo, akasema Redio. Uchungu wa binadamu wote umo mle. Penye nia pana njia.

— Nia inaingiaje hapo? akauliza Pilipili.

— Daktari alikuwa nayo.

— Wapi. Ni damu aliyoongezewa, akasema Hilary. Ile ya sista wa hospitali. Damu nzito kuliko maji.

— Nawe ukiugua omba ya fundi wa kweli, baiskeli zetu zipone, akasema Pilipili.

Redio akasogea, sauti chini.

— Yule siyo Theodori. Theodori alitoka siku ile alipoanguka kifafa hapa kijiweni. Aliyeingia ni kwelea. Ndege wa rangi moja huruka pamoja.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Pilipili naye, na hasira zake, kahawa ikamtokea puani.

Ndipo akafika Agnella, mke wa Theodori, vumbi hadi magotini.

— Shemeji zangu, hamjambo. Natoka kwa daktari. Anasema ini likichoka, sumu inapanda kichwani, ndiyo kikaja kifafa kile. Na kifafa kikikaa mno, ubongo unaumia, mtu anabadilika. Anataka kujua: alipoanguka hapa, kilimtikisa muda gani kabla hamjambeba?

Siku ile walimzunguka, kila mmoja akimkataza mwenzake asiguse povu, lisije likamwambukiza. Walibishana kama ni kifafa ama jini, wakisubiri atokee mtu ambaye ukoo wake tayari una kifafa, asiye na cha kuogopa, aanze yeye kumshika.

— Si muda, shemeji, akasema Redio.

— Si muda ndiyo muda gani?

Redio akatazama ndala zake. Hilary akashika spoku isiyo na kasoro, akaanza kuikaza.

Pilipili akasimama.

— Mrefu kuliko huu tuliocheka leo. Twende, shemeji, nikamwambie daktari mwenyewe.