Taisto Niskala wa Chumba Kisicho na Viti (1951–2019)

Kila asubuhi Taisto Niskala alikunywa kahawa yake amesimama. Aliegemeza viwiko kwenye kaunta ya jikoni, akavuta droo ya chini kwa kidole cha mguu, akapandisha unyayo mmoja juu yake, na hapo hapo akamaliza kikombe huku akitazama ndege wanaogombania mbegu nje ya dirisha. Wageni walidhani ana haraka. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na pa kwenda. Kukaa ndiko kulikomshinda. Mwenyewe aliagiza, tena mbele ya mashahidi, kwamba siku wasifu wake utakaposomwa ugonjwa wake utajwe kwa jina, watu wasizungukezunguke. Kwa hiyo utatajwa.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 huko Palo, Minnesota, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Eino na Lempi Niskala, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa lililokuwa na mawe mengi kuliko viazi. Nyumbani kilisemwa Kifini tupu. Alipoanza shule mwalimu alimdhani bubu, akamweka nyuma karibu na jiko la kuni. Hakuwa bubu, alikuwa anasikiliza kwanza, na tabia hiyo hakuiacha hadi mwisho. Alimaliza sekondari mjini Aurora mwezi wa Mei 1969. Hakupenda shule na shule haikumpenda, ila hesabu alizijua.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye mgodi wa chuma na akaendesha lori la kubebea mawe mpaka mwaka 2006. Ni yale malori ambayo dereva hupanda ngazi ndipo akifikie kiti. Alikuwa akitoka kazini mwili mzima bado unatetemeka, anashika uma mezani na uma unagonga sahani. Baadaye madaktari walisema labda chanzo cha maumivu yake ni kile kiti, labda ni siku moja alipoteleza kwenye barafu. Alichoka na hilo swali. Alisema hata akijua ni kipi, maumivu hayatamwomba msamaha.

Tarehe 9 Juni 1973 alimwoa Delores Zupancich, binti wa Kislovenia na Mkatoliki. Mamake Taisto alilia wiki nzima, hadi alipoonja mkate wa njugu aliousukuma Delores kwa mikono yake, akanyamaza. Walijaliwa watoto wawili, Renee na Wade.

Maumivu yalianza mwaka 2003, wakati wa majani kuanguka. Yalikuwa kwenye msamba, pale mtu anapokalia baiskeli. Akikaa, yalikuwa kama kukalia kaa la moto. Akisimama yalipungua, ila hayakuondoka. Aliona haya kusema. Daktari wa kwanza alisema ni tezi dume, akampa dawa za kuua vijidudu. Wa pili akampa zile zile. Wa tatu alimwangalia juu ya miwani, akamuuliza kama mambo ya nyumbani ni mazuri.

Jumamosi ni siku ya sauna, bafu la mvuke la Kifini, na kwenye sauna hakuna pa kujificha. Kaka yake Waino alimwona amesimama wima kwenye mvuke kama nguzo ya simu.

"We Taisto, benchi limekuuma?"

"Niko sawa."

"Sawa gani? Kaa chini, au una jipu? Leta sindano tulitumbue!"

Wanaume wakacheka mpaka wakamwaga maji. Taisto naye alicheka. Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala ile iliyofuata. Mfini wa Palo kuacha sauna ni kama padri kuacha misa, lakini hakuna aliyemuuliza. Walidhani amekasirika.

Akaanza kujitibu. Alivaa mkanda wa sumaku. Alikunywa chai ya mizizi iliyonuka mpaka mbwa akahama jikoni. Alichomwa sindano za Kichina kule Duluth, na hizo alikiri zilimpa usingizi. Alinunua mto wenye tundu katikati, ule wanaouziwa wenye bawasili, ukazidisha. Kisha mtu mmoja kazini akamwambia misuli ya huko chini imelegea, aikaze kwa mazoezi. Taisto hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Aliambiwa asubuhi na jioni, yeye akafanya kutwa, ndani ya lori, kwenye foleni dukani, kanisani wakati wa mahubiri, meno yameumana. Miaka mitatu alikaza msuli ambao shida yake ilikuwa kukaza. Baadaye alipenda kuwasimulia wagonjwa wapya kosa hilo, kwa sababu karibu kila mmoja wao alikuwa amelifanya pia.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa magumu, na Delores ameruhusu yasemwe. Taisto alihamia chumba cha Wade. Alikataa harusi, alikataa safari, alikataa hata kushikwa bega. Jumapili moja mwaka 2012 Delores alizima jiko na chakula kikiwa hakijaiva.

"Kama kuna mwanamke mwingine niambie, nijue moja."

"Mwanamke gani, Dee? Nani atanitaka mimi?"

"Sasa ni nini? Miaka tisa unanikimbia ndani ya nyumba yako mwenyewe."

"Ni huku chini. Panauma."

"Chini wapi?"

Akamwonyesha. Delores alisimama na mwiko mkononi, kisha akasema, "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa. Mimi nimeshamlilia huyo mwanamke kila usiku." Siku hiyo walikula viazi vibichi.

Delores ndiye aliyepiga simu mpaka akampata mtaalamu wa viungo mjini Duluth, Bi. Pa Houa Thao, mama mdogo wa mwili mwenye vidole vya chuma. Alimpima, akavua glavu, akamwambia, "Mzee Niskala, hii ni neva ya pudenda, ile inayopita kwenye msamba. Inabanwa. Na misuli yako haijalegea hata kidogo, imekunjana kama ngumi. Nani alikwambia uikaze?" Taisto alilia pale kitandani. Hakulia kwa uchungu. Alilia kwa sababu kitu kilikuwa na jina. Alifundishwa kulegeza, kupumua hadi tumboni, kulala chali miguu ikiegemea ukuta. Alichomwa sindano za ganzi kwenye neva. Moja ilisaidia, mbili hazikusaidia. Hakupona. Maumivu yalishuka tu, yakawa kitu cha kuishi nacho. Alirudi chumbani kwa Delores, na alirudi sauna, akawa analala kwenye benchi la juu huku Waino akimwagia maji mawe bila neno.

Bi. Thao pia alimpa namba ya mgonjwa mwingine, Bernadine Roy, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Waliongea kwa simu mchana mzima, wote wawili wamesimama. Kutoka hapo likazaliwa kundi la Alhamisi ya pili ya mwezi, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Siku ya kwanza mchungaji, kwa wema wake, aliwapangia viti vizuri kabisa kwa duara. Wagonjwa walifika, wakaviangalia, wakaangaliana. Bernadine akasema, "Jamani, tumetegwa." Walicheka mpaka wengine wakaumia. Taisto akavikunja viti na kuvirundika stoo. Watu walisimama, walipiga magoti kwenye mikeka, walilala sakafuni na mto wa sofa. Pale hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza mwenzake "bado tu?" Mwenye kujaribu sindano, mafuta, sala, dawa ya mitishamba au upasuaji alisema kilichomsaidia na kisichomsaidia, na hakuna aliyemwuzia mwingine kitu. Taisto alichemsha kahawa na alipokea simu, hata wakati wa chakula.

Kilichomsumbua miaka hii ya mwisho ni uchovu. Kuanzia 2016 moyo pia ulikuwa dhaifu. Watu walipungua, wengine walipata nafuu, wengine walikata tamaa, na simu za usiku hazikupungua. Oktoba mwaka huu alimwambia Delores, "Nimechoka, Dee."

"Lifunge hilo kundi basi. Umefanya vya kutosha."

"Nikilifunga, yule atakayepiga kesho atampata nani? Atakaa miaka tisa kama mimi."

Wiki iliyofuata Taisto alisema mkutano wa Novemba ndio utakuwa wa mwisho.

Taisto Niskala alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, nje ya kanisa hili, akiwa na umri wa miaka 68. Daktari ameihakikishia familia kwamba ilikuwa papo hapo, na hata waliokuwa mkutanoni wangetoka mapema hawangemkuta hai. Bernadine anaombwa alisikie hilo tena leo.

Wazazi wake na dada yake Irja walimtangulia. Ameacha mjane, Delores. Watoto, Renee na mumewe Greg, na Wade. Wajukuu watatu, Brita, Tess na Anton. Na kaka yake Waino. Watu wa Alhamisi wameomba nao wahesabiwe, na wamehesabiwa. Ndio hao waliosimama nyuma. Nafasi wameiona. Tafadhali msiwasogezee viti.

Jioni ile ya mkutano wa mwisho walifika wanne tu, theluji ikiwa imeanza. Bernadine alikuwa dirishani, lile dogo la juu linalotazama maegesho.

"Kuna gari limezunguka hapo mara kadhaa sasa. Halizimi taa."

"Amepotea njia huyo," Taisto alisema.

"Hajapotea. Hawezi kuingia."

Taisto alishusha pumzi. "Bernadine, mimi nimechoka."

"Najua. Nani hajachoka humu?"

Kisha akachukua kofia, akavaa koti bila kufunga vifungo, akasema kahawa isizimwe, akapanda ngazi akishika ukuta.

Baada ya muda aliingia kijana, dereva wa malori ya magogo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Alikuwa na theluji mabegani. Alitafuta viti kwa macho, hakuviona, uso ukamlegea.

"Mzee kanambia nitangulie," alisema. "Kasema nichague pa kusimama. Anavuta pumzi kidogo, anakuja."

Wakampisha karibu na meza ya kahawa. Mgeni akianza kusema pale, hakuna kumkatiza mpaka mwenyewe aseme amemaliza. Ndivyo Taisto alivyotaka. Kijana akaanza kusema. Alisema muda mrefu, maana hakuwahi kumwambia mtu. Bernadine alitazama ngazi, akamtazama kijana, akamwacha aendelee. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kofia na kuuliza kama mwezi ujao anaweza kuja tena.

"Njoo," Bernadine alimjibu. "Nitafungua mimi."

Taisto alikuwa bado hajarudi.

Mungu ampe pumziko ambalo mwili wake ulimnyima.