Miti ya Wafanyakazi Kule Kavumu

Dany, na wewe Emérence, karibieni kitanda, wanangu, kwa sababu sauti yangu imekuwa ndogo na sitaweza kurudilia. Kwanza namushukuru Mungu aliyenifikisha siku hii nikiwa na akili zangu, na nyinyi wawili mukiwa mbele yangu bila ugomvi, ijapokuwa ugomvi naujua, uko mulangoni unangoja nifunge macho.

Bulanjeri ya Nguba, nyumba yetu ya mikate, ni yenu wote wawili. Emérence asimamie tanuru, Dany mauzo, na wafanyakazi muwaheshimu, maana mikate iliyowasomesha ilipita kwanza mikononi mwao. Majivu yasimwagwe kwenye mufereji. Yanateremuka mupaka ziwani, na kule watu wanachota.

Sasa kilima chetu cha Kavumu. Tulichoma kuni miaka mingi kama vile misitu iliumbwa kwa ajili ya tanuru letu. Marehemu maman yenu, Agnès, ndiye aliyesema: mufanyakazi mupya, badala ya kununulia wenzake casier ya bière, kreti nzima ya pombe, kama ilivyo desturi, apande miti pale kilimani, na kila muti uitwe kwa jina lake. Nilimucheka mbele ya watu, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Maman, mwishoni utabatiza na migomba!" Akanijibu, "Cheka tu, papa, lakini leta jembe." Nikaleta.

Leo mvua haifuate tena majira tuliyoyajua. Inachelewa, kisha inashuka yote kwa hasira. Mwaka jana kilima cha jirani kiliporomoka pamoja na mihogo yake, chetu kikasimama, na chini yake, kwa Télesphore, mupika mikate wetu, watoto walilala na wakaamuka. Nashukuru hata mizizi ambayo siioni.

Dany, najua umeshaongea na wapasua mbao waje kukata ile miti. Sikukasirika. Maisha yanakubana, hata mimi ningejaribiwa. Lakini muti wa Télesphore si wako, wala si wangu. Kwa tanuru mutachukua matawi. Muti uliozeeka utakatwa tu kama aliyeupanda amekubali, tena akishapanda mwingine. Hata mbao za sanduku langu la kuzikwa zitoke sokoni.

Chukua simu uwaambie wale wapasua mbao wasikuje. Hapana, si kesho. Kesho sijui kama nitakuwepo kusikia. Piga sasa, uweke sauti kubwa.

Asante, mwanangu. Nimesikia. Yule bwana amekutukana kidogo, vumilia.

Mungu aliyenipa maman yenu, akanipa na watu wa kukanda unga pamoja nami, abaki na nyinyi, na nyumba zenu, na wote wanaolala chini ya kile kilima. Emérence, usilie, mutoto wangu, nimeshiba siku... Dany, leta kichwa nikubariki. Karibu. Sogea tena... mukono haufike. Inama wewe.