Mzee Josia Mayige, Aliyepika Mlango Ukiwa Wazi

Majirani wa mtaa wake hapa Bariadi wanaukumbuka mlio wa mfuniko wa sufuria. Mfuniko huo uliangukia sakafu ya saruji asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Februari 2017, siku moja baada ya matanga kwisha na wageni kuondoka. Ulizunguka, ukazunguka, hadi ukatulia wenyewe, na hakuna sauti iliyofuata. Ndani ya nyumba ile alikuwemo mtu mmoja tu, Mzee Josia Mayige, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kushika mfuniko wa sufuria maishani mwake.

Ndugu waombolezaji, huyo ndiye tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1953 huko Mwamapalala, ambayo sasa iko katika wilaya ya Itilima, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mayige na Mama Mwandu. Alikulia kwenye ng'ombe na mashamba ya pamba. Jioni wanaume wa kaya ile walikaa shikome, penye moto wa uani, na chakula kiliwafikia pale kikiwa kimefunikwa. Walifunua, wakala, wakaongea. Kilivyopikwa hawakuuliza, wala mvulana hakutumwa kwenda kutazama.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Hakuendelea, kwa sababu nafasi zilikuwa chache na baba yake alihitaji mikono shambani. Lakini alipenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Inasemekana aliwahi kufungua kengele ya baiskeli ya mwalimu, akairudisha ilivyokuwa, na mwalimu hakujua mpaka Josia mwenyewe alipokwenda kumwambia kwamba ndani kulikuwa na kutu.

Mwaka 1974 alipata kazi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mjini Maswa. Alianza kama mbeba magunia, akaishia kuwa fundi mkuu wa mashine hadi alipostaafu mwaka 2010. Hakupelekwa chuo chochote. Mashine ilipoharibika alitandika gunia chini, akaifungua kipande kimoja kimoja, na kupanga vipande kwa mstari kadiri vilivyotoka. Wakati wa kurudisha alianza na kile cha mwisho. Kwa kila kipande alimuuliza aliyemtangulia, "Hiki kazi yake nini?" Asipopata jibu hakuiwasha mashine hiyo, hata msimu uwe umepamba moto na malori yamejaa getini.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Monika Shida wa Mkula. Mungu aliwajalia watoto wawili, Klementina na Malimi. Ndoa yao ilidumu miaka thelathini na saba. Mama Monika hakuwa mwongeaji, na marehemu naye alikuwa hivyohivyo, ila nyumba yao haikuwa kimya, kwa kuwa mama alikuwa na tabia ya kuimba nusu wimbo na kuuacha. Aliitwa na Bwana tarehe 3 Februari 2017 kwa ugonjwa wa moyo. Aliacha ndoo za maji zimejaa na unga umechekechwa.

Hapo ndipo marehemu alipoanza maisha ambayo hakuna aliyemwandaa kuyaishi.

Kosa lake la kwanza nusura lituondolee yeye mapema. Kwa malezi aliyopata, aliona aibu mwanaume mzima kuonekana mbele ya jiko. Basi siku ile ya mfuniko aliwasha mkaa, akaingiza jiko sebuleni, akafunga mlango na madirisha, akashusha na pazia. Kwa kuwa siku zote aliuona ugali ukiwa umefunikwa, aliamini hata kuupika ni kwa kufunika kama wali. Alimimina unga kwenye maji baridi, akauweka motoni, akafunika, akakaa kusubiri. Unga ulipofura uliusukuma mfuniko. Yeye hakuinuka kuuokota. Alikuwa ameshalegea kwa hewa ya mkaa.

Aliyemwokoa ni jirani yake mwenye duka, Asumini, ambaye wengi tunamwita Mama Shifa. Alikuwa anarudisha bakuli lililochukuliwa msibani. Alisikia mfuniko, akabisha hodi, kisha akausukuma mlango kwa bega. Alimvuta marehemu hadi barazani na kumpepea kwa khanga, akimwita jina lake. Alipofumbua macho, Mama Shifa alimuuliza kwa ukali, huku machozi yanamtoka:

"Baba, ulitaka kumfuata Mama Klementina?"

"Hapana, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nilitaka ugali."

Mama Shifa akaingia kutazama sufuria. "Huu ndio ugali? Mzee Josia, hii lipu! Ungemwita fundi akusawazishie ukuta."

Watoto walipopata habari, Klementina alifika kutoka Mwanza siku iliyofuata. Alikuja na begi tupu la kumfungashia baba yake.

"Baba, twende Mwanza."

"Nikafanye nini Mwanza?"

"Utakula."

"Na nikishakula?"

Ndugu wa ukoo nao walikuwa na ushauri wao, kwamba aoe upesi. Marehemu aliwajibu kwa heshima kuwa hawezi kumtafuta mtu kwa sababu ya mwiko wa ugali. Kwake nyumba ile ilikuwa ndiyo maisha yake yaliyobaki. Akiondoka, angekuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Baada ya maneno mengi, baba na binti walikubaliana. Klementina angerudi Pasaka. Akimkuta baba yake amedhoofu, au nguo zake chafu, au dawa zake za presha hazijaguswa, lile begi lingejazwa bila mjadala.

Zilikuwa wiki tisa. Marehemu alifanya kama alivyofanya kiwandani. Alitandika gunia jikoni na kupanga juu yake kila alichokuta, mwiko, chekecheo, kisu, kibao cha mbuzi, sufuria nne kwa ukubwa wake. Kisha akaenda kumwita Mama Shifa.

"Haya, umefungua mnada?" Mama Shifa aliuliza.

"Kila kimoja niambie kazi yake. Nisichokijua sikiwashi."

Alijiwekea utaratibu wa kujifunza jambo moja kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumapili, bila kuligusa la pili. Wiki ya kwanza alijifunza kusonga ugali, na mlango aliuacha wazi. Wapita njia walisimama. Wapo waliocheka, na mmoja alimuuliza kama amehamia upande wa kina mama. Marehemu aliendelea kusonga. Wiki ya pili ilikuwa ya kufua, ya tatu ya kushona vifungo, ya nne ya kununua umeme kwa simu, ya tano ya mlenda. Wiki ya sita hakujifunza kitu. Alilala na kuamka, akala alichojua kupika, na Jumatatu iliyofuata akaanza tena. Alipoulizwa kuhusu wiki hiyo alisema tu kwamba mtu akianguka anahesabu kuanzia pale alipo.

Jumapili ya Pasaka Klementina alimkuta amevaa shati lililonyooshwa. Baba yake alimnawisha mikono, kisha akamletea ugali, mlenda na samaki. Klementina aligeuza macho pembeni, kwa maana hakuwa amewahi kupakuliwa na baba yake. Alionja.

"Chumvi imezidi, baba."

"Chumvi ni wiki ijayo," akajibu.

Begi lilirudi Mwanza tupu.

Habari zilitembea. Wa kwanza kuja alikuwa Masele, mfugaji wa Mwamapalala waliyekua naye, ambaye mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza binti yao kwa miezi kadhaa. Alifika na unga ndani ya mfuko wa mbolea ili asigundulike.

"Ngosha, mwanaume mwenzangu, funga mlango kwanza," Masele alinong'ona.

"Siufungi. Niliufunga mara moja ukataka kuniua."

"Wataniona!"

"Watamwona mtu ana njaa na anasonga ugali. Koroga, unaganda huo."

Baada ya Masele walikuja wengine, wajane wa kiume, wastaafu, na kijana mmoja aliyeachwa na mke. Marehemu hakuwahubiria. Aliwatandikia gunia, akawataka wachague jambo moja la wiki. Aliyetaka kujifunza yote kwa siku moja alirudishwa nyumbani. Tunahesabu kuwa zaidi ya wanaume ishirini wa Bariadi, Itilima na Maswa walijifunza kwake kusimama kwa miguu yao.

Hata hivyo, ni haki kusema na upande wa pili. Wanafunzi wake walipoweza, hawakurudi. Waliendelea na maisha, kama ilivyopasa, na yeye alibaki na sahani moja. Alijiwekea kanuni kwamba siku isipite bila kusemezana na mtu, na ili aitimize alikwenda kila asubuhi dukani kwa Mama Shifa kununua kiberiti. Alisalimia, akasalimiwa, akauliza hali ya Shifa, akarudi. Mama Shifa hakumwambia kuwa hakuna nyumba inayotumia kiberiti kizima kwa siku. Wiki hii, tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu, tulikuta kabatini mamia ya viberiti vilivyopangwa safi safi, na hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Mwezi Juni 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichochukua nguvu za mkono wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali aliomba gunia litandikwe. Alianza upya kwa mkono wa kushoto, na kijiko kilimchukua wiki tatu. Alikataa tena kwenda Mwanza. Klementina alikuwa akija kila alipopata ruhusa kazini, na kila alipoaga baba yake alimwambia maneno yaleyale, "Nenda salama. Mimi mhola duhu," yaani yeye ni mzima tu. Mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa, miguu ikavimba, akapungua sana. Alifariki dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha watoto wawili, Klementina na Malimi, wajukuu watano, dada yake Jenifer wa Mwamapalala, rafiki yake Masele, na jirani yake Asumini, ambaye familia inamhesabu kama ndugu. Mungu ampokee na ampe mapumziko aliyoyafanyia kazi.

Klementina ameomba jambo moja lisomwe, kwa sababu anadhani baba yake alikuwa analijifunza kwa miaka minane bila kumwambia mtu. Jumapili tarehe 10 Agosti alikuwa amemaliza likizo yake. Gari la Mwanza lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Alimfunika baba yake shuka, akamwekea dawa karibu, akabeba mkoba na kusimama mlangoni kusubiri yale maneno ya siku zote. Hayakuja. Mzee alitazama ukuta muda mrefu, kama mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulitumia. Klementina alimrudia na kuinama, maana midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Hakuondoka siku ile, wala siku zile kumi na moja zilizofuata, kwa ajili ya alichokisikia alipoweka sikio karibu.

"Mayu," baba yake alisema polepole sana, "usiende."