Dizeli ya Getini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda hiki cha maziwa, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu wakuu wa idara, Ndugu wageni waalikwa kutoka viwanda jirani, Ndugu madereva, ambao nimewaona mkizima injini za magari yenu kabla ya kuingia humu kantini, na moyo wangu ukaburudika, na wewe uliyetukusanya, fundi wa majokofu, ambaye kiwanda kizima kinakuita Bi Baridi: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika kumi. Wanaonifahamu wanajua kwamba dakika kumi mimi huwa bado natafuta miwani. Lakini leo nimekuja na jambo linalonikaa kooni kwa miaka saba, na jambo la namna hiyo halihitaji miwani.

Kwa wasionijua, kazi yangu kabla sijastaafu ilikuwa kuhesabu moshi wa chakula. Msicheke. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alicheka kuliko ninyi. Aliniambia, "Baba, umesoma miaka yote hiyo ili uhesabu moshi wa jikoni?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ila ule wa nje ya jikoni ndio mwingi." Akaniangalia kwa huruma, akaniongezea chai.

Naomba niwaeleze kama nilivyomweleza yeye. Chukueni glasi moja ya maziwa. Ng'ombe anayatoa yakiwa na joto la mwili wake, na tangu dakika ile yameanza kuharibika. Lazima yapozwe. Lori linayaleta hapa, na lori linachoma mafuta. Yakifika yanachemshwa kuua vijidudu, na boila inachoma mafuta. Yanapozwa tena, yanawekwa kwenye chumba cha baridi, yanapakiwa kwenye lori jingine, yanakwenda dukani kukaa kwenye jokofu jingine. Kila hatua kuna kitu kimeungua, na kila kinachoungua kinatoa hewa ya ukaa, inayopanda na kulizuia joto lisitoke duniani. Mvua zinachelewa, malisho yanakauka, ng'ombe anapunguza maziwa. Chakula chenyewe kinajiharibia shamba. Watu huona moshi wa boila wakanyoosha kidole, kisha wakaingia chumba cha baridi wakasema, ah, hapa pasafi. Ndugu zangu, kila baridi ina moto wake mahali fulani. Je, tunajua uko wapi?

Mimi nilidhani najua. Miaka saba iliyopita, ofisi yetu ya kuhesabu moshi ilipeleka fomu katika viwanda arobaini na viwili vya chakula. Swali la kumi na moja niliandika kwa mkono wangu: "Taja mafuta yote yaliyotumika katika uzalishaji." Swali zuri, fupi, na nilijisifu nalo. Karani wa kiwanda hiki alilijibu kwa uaminifu mtupu, na fomu ziliporudi mlikuwa wa kwanza. Hakuna kiwanda kilichotumia mafuta kidogo kwa kila lita kama ninyi. Na wa kwanza alikuwa apewe mashine mpya ya kupozea.

Mnakumbuka nilipokuja kuwatangazia, mlivyopiga makofi humu ndani. Mpakiaji mmoja alipanda juu ya benchi. Mashine yenu ilikuwa kongwe, na Bi Baridi alikuwa ameiombea mrithi kwa miaka tisa mfululizo, barua moja kila mwaka. Nilipomwona anakuja upande wangu, niliandaa mkono wa kupokea shukrani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hongera, mashine yako inakuja."

"Hii fomu umeiandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeme ukikatika, maziwa yangu yanapozwa na nini?"

"Na jenereta, nadhani."

"Na jenereta inakunywa nini? Uji?"

"Dizeli, fundi."

"Basi nionyeshe hiyo dizeli hapo kwenye karatasi yako."

Nikatafuta. Nikageuza ukurasa. Nikaurudisha. Haikuwepo.

Akanishika mkono wa koti, akanipeleka getini. Pale alikuwepo mkuu wa walinzi, ambaye ninyi mnamwita Kamanda, na ambaye namwona kule nyuma anajificha. Kamanda akatoa daftari la ulinzi. Nikasoma: buti, jozi nne, tochi, sita, filimbi, mbili, dizeli, mapipa kumi na moja.

"Kamanda," nikamwuliza, "dizeli hii ya kulinda nini?"

"Mzee, jenereta si iko kwangu? Naiwasha mimi, naijaza mimi, na kelele inanipigia mimi. Hao wa uzalishaji wanaijulia wapi?"

Tulicheka sote watatu. Nani alidanganya? Hakuna. Jenereta ina kelele, kwa hiyo iliwekwa mbali, getini. Ilipokuwa getini ikawa ya walinzi. Ilipokuwa ya walinzi, mafuta yake yakawa ya ulinzi, na karani akiulizwa habari za uzalishaji hana sababu ya kufungua daftari lenye filimbi na buti. Moto wa baridi yenu ulikuwa umevaa sare ya mlinzi.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilijiuliza: ni kiwanda gani kinachoweka jenereta karibu na watu? Kama hapa iko getini, kwa wauza nyama je? Kwa wenye samaki? Kwa wasaga unga?

Nikamwambia, "Fundi, ukishaniambia haya siwezi kujifanya sijayasikia. Nikiijumlisha hii dizeli, mashine itakwenda kwingine."

"Najua."

"Umeiomba miaka tisa."

"Barua nimeziandika mimi, mzee, nitashindwa kuzihesabu?"

"Mbona basi unasema?"

Akasema, "Kipimajoto kikiniambia maziwa yameharibika, nayamwaga, hata yakiwa ya shemeji yangu. Sasa leo nikikuta kipimo kinadanganya kwa faida yangu, nikipige busu?"

Kiwanda chenu kilishuka kutoka wa kwanza hadi wa kumi na tisa. Mashine ilikwenda kwingine. Sisi tukaanza kuzunguka kwenye mageti, kiwanda kwa kiwanda, tukiomba madaftari ya walinzi, na karibu kila geti lilikuwa na mapipa yake. Tulipomaliza, sehemu ya upozaji katika hesabu ya chakula cha nchi nzima ilikuwa imekaribia kuwa mara mbili. Mipango ya nishati iliyokuwa ikitazama boila peke yake ikageuza shingo. Ripoti ile iliyosahihishwa ilisifiwa sana. Mimi nilisimamishwa ukumbini nikapigiwa makofi.

Na yeye? Nilikuja kuyasikia baadaye kwa Kamanda. Mtu aliandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha baridi, "Asante kwa joto." Alipoingia hapa kula, maongezi yalikatika. Walikuwepo waliomwambia usoni, "Mama, ukweli wako hauwezi kupoza hata lita moja." Siwalaumu waliosema. Mtu anayebeba kreti ndani ya chumba kinachovuja maji, akingoja mashine mpya, ana haki ya kuumia. Lakini mimi nilifanya nini? Niliandika barua ya shukrani kwa Bodi, nikaigonga muhuri, nikarudi kwenye makofi yangu.

Yeye hakumlalamikia mtu. Alirudi kazini. Kwa kuwa dizeli sasa ilikuwa na jina lake halisi, alianza kuiandama. Alibadilisha mpira wa mlango uliokuwa umechoka. Akatundika mapazia ya plastiki. Akapanga kreti kwa zamu za magari, ili mpakiaji asisimame akitafuta huku mlango umeachama. Mpakiaji aliyekuwa hodari wa kuuacha wazi, fundi alimbatiza jina la Mlango, na huyo Mlango, ambaye leo ni msimamizi wa chumba kile, ameniambia asubuhi hii, "Mzee, yule mama alinifuata mpaka nikawa nafunga hata milango ya kwa watu." Kwa mashine ileile kongwe, katika miaka sita, dizeli ya getini ikapungua kwa theluthi moja. Hesabu ya pili tuliyoifanya mwaka jana iliwaweka wa tatu, mkiwa mmetaja kila pipa. Safari hii zawadi ilifika hadi kwa wa tatu, na mwezi uliopita mashine mpya ilifungwa hapa na kuwashwa.

Ameitumia siku ishirini na mbili. Miaka kumi na sita ya kuiomba, siku ishirini na mbili za kuwa nayo, na leo anastaafu. Nilipomwuliza inakwendaje, akasema, "Imetulia mno, mzee. Nakosa wa kugombana naye."

Mheshimiwa Mwenyekiti, wengine watamsifu kwa uhodari wake wa spana, na watasema kweli. Mimi nimekuja kwa lingine. Kosa lile halikuwa la karani, wala la Kamanda, wala la kiwanda hiki. Lilikuwa la swali la kumi na moja. Aliyeuliza vibaya ni mimi, nikamwachia mwanamke mmoja abebe jibu. Kama ningepanda gari siku mlipoikosa mashine, nikaja kusimama hapa na kuwaambia kwamba fomu yangu ndiyo iliyowaahidi kisichokuwa chenu, mngenikasirikia mimi, nami ningekwenda zangu nyumbani na hasira zenu bila kudhurika. Hasira zile zilikuwa zangu. Zilikosa anwani, zikamfikia yeye, naye akazipokea bila kuzirudisha kwa mwenyewe.

Bi Baridi, nimekwisha kukuomba radhi faraghani, ukaniambia yamepita. Hayakupita faraghani, kwa hiyo hayawezi kuishia faraghani. Basi mbele ya Bodi, mbele ya Kamanda na Mlango, na mbele ya kila aliyewahi kukunyima salamu ndani ya chumba hiki: ulisema kweli, na mimi nilinyamaza. Nisamehe, fundi.

Nawashukuru, ndugu zangu, kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi mwisho.