Kipa Asiye na Akiba

Asubuhi ile rasharasha ilikuwa imeshika tangu alfajiri, ile mvua isiyonyesha wala isiyoacha, na benchi letu lilikuwa limejaa kama kawaida. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokosa kazi, umepigiliwa miguu ukutani mwa karakana ya Fundi Randa, seremala anayetengeneza vitanda, madawati na, mambo yakiwa mabaya, majeneza. Upande wa kulia ni kibanda changu cha kunyolea. Nikikosa kichwa natoka kukaa. Upande wa kushoto ni jiko la mkaa la Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini kahawa yake imetulea wote. Wengine wawili wa kila siku ni Breki, dereva aliyeitwa hivyo kwa sababu pikipiki yake haina, na Katiba, karani mstaafu wa mahakama ambaye hata akipiga chafya hutaja kifungu. Siku hiyo walifika bila utani. Jana yake wasichana wa sekondari yetu ya hapa mtaani walikuwa wamefungwa na Shule Kubwa mabao kumi na sita kwa bila, na kipa wetu, binti wa mama dobi, alitolewa uwanjani amebebwa.

— Kumi na sita, — Breki akasema, akipuliza kikombe. — Hayo si matokeo. Hiyo ni namba ya nyumba.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akajibu Katiba.

— Haba na haba gani, mzee? Yalikuwa yanaingia kama watu wa harusi!

— Kosa ni la sheria. Shule ya wanafunzi elfu mbili unaikutanishaje na shule ya wanafunzi mia na kitu? Ziwekwe madaraja. Kubwa kwa kubwa, za kati kwa za kati, ndogo kwa ndogo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

— Jana hawakupigana tembo, — Fundi Randa akasema bila kugeuka; alikuwa akipiga msasa mguu wa kitanda. — Jana tembo alipigana na nyasi zenyewe.

Hilo hakuna aliyebisha, maana sote tulikuwepo. Shule Kubwa walishuka kwenye basi lao, makocha wawili, na wachezaji wa akiba waliojaza benchi zima, wote kwenye makoti ya mvua ya rangi moja. Wetu walikuja kwa miguu. Walikuwa kumi na mmoja, hakuna wa kumi na mbili. Mmoja wao alivua miwani akampa mwalimu amshikie, ndipo akaingia kucheza beki. Na mwalimu mwenyewe ni wa jiografia. Ukocha alipewa kwa sababu alikuwa na filimbi.

— Lakini we Katiba, — nikasema, — ukiwatenga hawa wadogo, watacheza na nani? Watazungukana wenyewe kwa wenyewe, huyu bingwa wa kichochoro hiki, yule wa kile.

— Heri ubingwa wa kichochoro kuliko namba ya nyumba.

— Mimi nakataa, — Fundi akasema, na safari hii aliuweka msasa chini. — Nakataa madaraja. Kiwanda cha samani kilipofunguliwa kule barabarani, nani aliniwekea daraja? Nilikuwa natengeneza madawati ya shule hii kwa mkono wangu. Wao wakaja na mashine na lori. Kuna mtu alisema, jamani, huyu Randa ni mdogo, ashindane na wadogo wenzake? Watoto wajifunze mapema. Dunia haina daraja la pili.

— Ndiyo maana siku hizi unauza vitanda viwili kwa mwaka, — Breki akamwambia.

— Na majeneza, — Fundi akajibu. — Majeneza hawajaanza.

Shangazi akapita na birika, akamimina bila kumtazama mtu.

Katiba akakohoa, akarudi kwenye hoja polepole. — Sikatai, Fundi. Na kuna jambo jingine linanizuia hata mimi. Mnalikumbuka lile bao?

Nani asiyelikumbuka? Hata wasiokuwa wamezaliwa wanalikumbuka. Zamani hizo, timu ya wavulana wa shule yetu iliwahi kuifunga Shule Kubwa moja bila, kwa kichwa, dakika ya mwisho. Mtaa haukulala. Mfungaji aliposwa na familia tatu.

— Basi, — Katiba akaendelea, — kama kungekuwa na madaraja, lile bao lisingekuwepo. Mwenda pole hajikwai.

— Na mimi nasema lile bao ndilo linalotuua! — Breki akaruka. — Bao la wakati wa baba zetu! Kila mwaka tunawapeleka watoto wakachinjwe kwa sababu kuna mtu mmoja aliwahi kuruka akapata kichwa. Halafu jioni tunawaambia, nyie hamna moyo kama wa wenzenu.

— Sasa wewe unatakaje?

— Nataka kilo. Kama ndondi. Idadi ya wanafunzi si kitu. Unaweza kuwa na elfu mbili, wote wembamba. Wapimwe! Timu nzima ipande kwenye mizani ya gunia. Wakizidi, wapunguze mtu.

— Na golikipa?

— Golikipa anapimwa na glavu zake.

— Mizani itadanganya, — Fundi akasema. — Watawashindisha njaa siku ya kupima. Afadhali upime goli lenyewe. Shule ndogo, goli dogo. Mimi naweza kutengeneza milingoti yenye bawaba. Ukikutana na mkubwa unaikunja, ukikutana na mwenzio unaikunjua.

— Hilo linahitaji marekebisho ya sheria mama, — Katiba akasema, ila macho yake yalishaanza kung'aa. — Lakini kuna njia fupi. Mirathi! Kila mwanzo wa mwaka wachezaji wote wa shule zote wakusanywe uwanja mmoja, wagawiwe sawasawa kama mali ya marehemu. Huyu mshambuliaji, nyinyi. Huyu beki, wale. Mgawaji hapendelei.

— Na wakitaka kurudi kwao?

— Rufaa.

— Basi unganisha shule ndogo zote ziwe moja, — Breki akasema. — Umoja ni nguvu.

— Ukiziunganisha inakuwa kubwa.

— Ndiyo!

— Sasa hiyo kubwa nayo itawafunga wadogo.

— Wadogo gani? Si tumeshawamaliza?

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Siku hiyo kicheko kilitoka puani tu, kikaisha. Nadhani kila mmoja alikuwa akisikia mlio uleule. Mabao yalipofika tisa, binti wa mama dobi aliruka, akatua vibaya, akakaa ameshika goti. Mwalimu alimkimbilia. Akamwuliza kama anaweza kuendelea. Yeye akageuza shingo kutazama wenzake, akawaona wako kumi, akasimama. Sisi pembeni tulipiga makofi. Breki alipaza sauti: "Huyo ndiye kipa!" Mimi nilipiga mluzi. Akacheza kwa mguu mmoja, akidaka la huku na kukosa la kule, mpaka mshambuliaji wao mrefu alipopenya peke yake. Kipa akatoka kumfuata. Waligongana, na ule mlio tuliusikia mpaka kwenye mstari.

Basi la Shule Kubwa ndilo lililompeleka hospitali. Sisi hatukuwa na basi. Mwalimu alibaki na watoto kumi wa kurudisha majumbani, na mvua ilikuwa inaanza. Sisi tukaondoka tukibishana, tukafika hapa tukibishana, na asubuhi tukaamkia palepale tulipoachia.

— Refa naye, — Katiba akasema, — angemaliza mapema. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Mwacheni refa, — Shangazi akasema. Ni nadra kumsikia. — Mama yake yule mtoto hayupo, mnajua? Yuko msibani kwao tangu juzi. Sidhani hata kama habari zimemfikia.

— Masikini, — Fundi akasema.

— Anaishi na nani sasa? — nikauliza.

Shangazi akafunika birika. — Na mimi nauliza nyinyi. Nyinyi ndio mlikuwa uwanjani.

Hapo ndipo akatokea msichana mrefu, amejifunika koti la mvua, na lile koti tulilijua kabla hatujamjua yeye. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye viatu vya mpira, kimoja kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa gunia. Alisimama mbele ya benchi, maji yakimtiririka kwenye ncha za vidole.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukajibu kwa pamoja.

— Samahani, natafuta kwa mama dobi. Nimegonga, pamefungwa kufuli. Majirani wameniambia niulize hapa, mnamfahamu vizuri.

— Tunamfahamu sana, — Katiba akasema, akajivuta ili ampishe nafasi. — Kaa, mwanangu. Wewe ni wa Shule Kubwa?

— Ndiyo. Mimi ndiye niliyegongana naye.

Breki alikuwa ameinua kikombe; akakirudisha chini taratibu. Binti hakukaa.

— Viatu vyake vilibaki kwenye basi. Nilipanda naye. Nilimshika kichwa njia nzima, kila shimo alikuwa analia. Tulipofika mapokezi akaniuliza, "Watu wa mtaani kwetu wako nyuma?" Nikamwambia wako nyuma, wanakuja. Nilijua mnakuja, kwa sababu niliwaona wengi pale uwanjani, mlikuwa mnamshangilia. Halafu mlezi wetu akasema lazima turudi bwenini, geti linafungwa. Sikupenda kumwacha. — Akahamisha mfuko mkono wa pili. — Mlifika saa ngapi?

Hakuwa anatusuta. Ndilo lililoniua. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za safari, uso wake wote ukisubiri kusikia kwamba haikuwa muda mrefu.

Katiba, mtu wa vifungu, akainama kufunga kamba za viatu. Fundi Randa akaangalia mikono yake. Breki aliangalia pikipiki. Shangazi akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe: — Mimi nilidhani nyinyi mmekwenda.

Na mimi nilidhani Breki alipita, kwa kuwa ana chombo. Breki alidhani Katiba, kwa kuwa ni mtu mzima. Kumbe tulidhaniana mpaka kulipokucha.

Binti alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akaelewa. Aliufunga mdomo wa mfuko, mafundo mawili, akaukumbatia kifuani.

Shangazi ndiye aliyezima jiko. Alimwaga kahawa iliyobaki kwenye mtaro, birika zima, akajitanda khanga yake ya pili. Nikafunga kibanda. Breki aliwapakia Shangazi na yule binti, akaendesha polepole kiasi ambacho sijapata kumwona. Mimi, Fundi na Katiba tukafuata kwa miguu, na njia nzima hakuna aliyekumbuka methali.

Wodi ya majeruhi iko mwisho wa korido, na tulielekezwa na muuguzi aliyetuuliza kama sisi ni ndugu. Katiba akasema ndiyo. Muuguzi akatuambia mwalimu mmoja alikuja usiku amelowa chapachapa, akakaa kwenye kiti mpaka alfajiri, akaondoka kwa sababu ana vipindi. Goti lilikuwa limepasuka ndani. Atatembea, muuguzi akasema, tena atatembea vizuri akifanya mazoezi. Kuruka, hapana. Golini asirudi tena.

— Ameambiwa? — Fundi akauliza.

— Aliuliza mwenyewe. Watoto wa siku hizi hawafichwi kitu.

Tulimkuta ameelekea ukutani, mguu umetundikwa, bado amevaa fulana ya ukipa yenye tope lililokauka. Yule binti wa Shule Kubwa alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda. Tuliposimama mlangoni tukamsikia anasema:

— Niliona umeshika goti. Kocha akapiga kelele, piga, piga. Nikapiga.

Kipa wetu aliendelea kuutazama ukuta.

— Hata mimi ningepiga, — akasema.

Kisha akageuza kichwa, akatuona tumejipanga pale mlangoni na nguo zetu zilizolowa, wazee wa mtaani kwao. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alijaribu kujiinua kidogo juu ya kiwiko, kama alivyofunzwa na mama yake akiwaona wakubwa.

— Shikamooni, — akatuambia.

Tulikuwa watu wanne tusiokosa la kusema tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyeweza kuitikia.