Bi. Marcella Karimi na Maneno ya Mwalimu Kaberia

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Marcella Karimi atafunga droo ya meza yake katika masjala ya chuo chetu hapa Embu na kurudi nyumbani Ishiara. Tumeshakatazwa kulia. Ametuandikia memo kuhusu hilo, na akaigonga muhuri.

Alikuja mwaka 1992 akiwa karani wa kupiga chapa. Amewatumikia wakuu sita wa chuo, na wote sita amewasahihishia barua. Sheria yake tunaijua: hakuna bahasha inayotoka kabla haijafunguliwa tena na kusomwa. Tulinung'unika sana, hadi mwaka ule alipofungua barua ya kumwalika mgeni wa heshima wa mahafali na kukuta ndani orodha ya maharagwe na vitunguu vya jikoni. Tangu hapo tumekuwa tukinung'unika kimoyomoyo.

Nyumbani kwake kuna kompyuta ya mezani iliyokuwa ya mumewe, marehemu Mwalimu Kaberia. Mwalimu alikuwa mtu wa Laare, kule Meru, aliyeoa Mbeere, akaipenda lugha ya wakwe zake kupita kiasi. Kwa miaka kumi na miwili alikusanya maneno ya Kimbeere: majina ya nyasi, ya mbuzi kwa rangi zao, ya vyombo vya kurinia asali. Alipofariki mwaka 2021, Bi. Marcella aliifunika mashine kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na hakuigusa tena.

Mwaka jana aliamua kwamba akistaafu ataimalizia kazi ile, watoto wa Ishiara waisome. Akaiwasha. Ilichukua muda wa kuchemsha chai kuamka, kisha ikatangaza kwamba mfumo wake hauhudumiwi tena. Fundi mmoja mjini akamshauri anunue mpya, hiyo aiuze kama chuma chakavu. Alirudi ofisini amenuna, akasema hawezi kumuuza mumewe kwa kilo.

Hapo ndipo mwandishi wa wasifu huu, Mwaniki wa kitengo cha kompyuta, alipojitokeza kama shujaa. Nilimweleza kuhusu Linux: mfumo usiotozwa chochote, usioilemea mashine kuukuu, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumgawia jirani. Aliniuliza nani basi anafaidika. Nikamwambia watu huujenga kwa kujitolea, kila mmoja na kipande chake. Akasema hiyo ni harambee, anaielewa.

Jumamosi nikaenda Ishiara. Nilinakili mafaili ya mwalimu kwenye flashi, nikanywa uji wa mtama vikombe viwili, nikawa tayari kubonyeza kitufe cha kufuta diski yote. Akanishika mkono.

"Mwaniki, fungua kwanza hiyo flashi nisome."

Nilimkumbusha kwamba nina miaka kumi na minne katika kazi hii. Mkono hakuuachia. Tukaichomeka flashi kwenye laptopu yangu, na haikuwa na neno hata moja. Nilikuwa nimenakili zile alama zenye kimshale zinazokaa kwenye skrini na kuonyesha tu faili liko wapi. Mafaili yenyewe yalikuwa bado kwenye diski niliyotaka kuifuta. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilitokwa na jasho, na kwa joto la Ishiara mtu hahitaji sababu nyingine ya kutokwa na jasho. Bi. Marcella hakunigombeza. Alinijazia kikombe cha tatu, akangoja ninakili upya, akasoma kurasa chache kuhakikisha, ndipo akaniruhusu kufuta.

Kufikia alasiri mashine ilikuwa inaruka. Tangu siku hiyo mama huyu amekuwa mhubiri. Kompyuta kumi na moja za masjala zilizokuwa zikingoja kutupwa zinafanya kazi kwa mfumo huohuo, na makarani wamefundishwa na yeye, si mimi. Mkuu wetu, Bi. Felicitas, huulizwa kila Jumatatu atabadilisha yake lini.

Lakini kinachompeleka nyumbani kwa haraka hivi ni kitu alichokikuta jioni ileile ya Jumamosi, alipoketi kuisoma kazi ya mwalimu ukurasa kwa ukurasa. Maneno sitini na mawili hayakuwa yameandikiwa maana. Kila mahali Kaberia alikuwa ameandika kitu kimoja: "Nimuulize Marcella." Alidhani ana muda. Mama alivaa miwani, akalisoma lile la kwanza kwa sauti na kuanza kuchapa.

Asante, Bi. Marcella, kwa miaka yote uliyotupa, na kwa ukali wako, ambao ulitulea. Tunakuombea afya, macho mazuri na umeme usiokatika. Umeshajibu kumi na tisa. Yamebaki arobaini na matatu, na aliyeulizwa ni wewe.