Tumbo la Mtihani

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Pale daktari mmoja wa kike, mgeni katika nchi ile, alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye jinsi alivyofelishwa tena mtihani wa leseni.

"Waliniletea mzee wa kuigiza maumivu ya tumbo. Namshika mkono, mapigo ya moyo yanaruka ovyo. Nikamwambia, baba, achana na tumbo, nenda ukapimwe moyo leo hii. Msimamizi akasema nimetoka nje ya swali!"

"Si ungetibu hilo tumbo tu, mwanangu, upite? Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Siubusu ng'o! Kwetu nilitibu watu, mama. Sikuwahi kutibu swali."

Fundi nusura apige makofi, akakumbuka hakualikwa.

"Na wakikuletea mwingine kama yule?" mama akauliza.

"Nitaanza na moyo. Tumbo la uongo litasubiri. Wanifelishe mpaka wachoke wao."

Basi likasimama. Daktari alipoinuka ashuke, mama yule yule wa methali akamnyooshea mkono haraka.

"Hebu nipime na mimi kwanza."